Maswali Yenu ya Sheria: Mahakama ya Mwisho, Kenya na Tanzania

Barua za toleo hili zimetoka pande zote mbili za mpaka, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kesi ikipanda mpaka juu kabisa, inakutana na nini? Tumezijibu kwa kulinganisha Mahakama ya Juu ya Kenya na Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Barua ndefu tumezifupisha na majina tumeyaacha. Majibu ni ya kukuelekeza. Wakili aliyelisoma jalada lako ndiye mwenye neno la mwisho.

Ndugu wahariri, nafanya biashara Namanga. Ng'ambo moja nasikia "Mahakama ya Juu", ng'ambo ya pili "Mahakama ya Rufani". Ni kitu kimoja chenye majina mawili? (Msomaji, Namanga)

Cheo ni kimoja: ndani ya nchi hakuna mahakama iliyo juu yake. Kazi ndiyo inayotofautiana, na sababu iko kwenye historia. Hadi mwaka 1977 Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, kila nchi ikajijengea ya kwake. Tanzania iliunda Mahakama ya Rufani mwaka 1979, na mpaka leo ndiyo ya mwisho. Kenya nayo ilikuwa na Mahakama ya Rufaa kama kilele chake hadi Katiba ya 27 Agosti 2010 ilipoweka Mahakama ya Juu juu yake.

Kwa hiyo Kenya ina ngazi moja zaidi. Kesi iliyoanzia Mahakama Kuu ya Kenya huenda Mahakama ya Rufaa, kisha, ikiruhusiwa, Mahakama ya Juu. Tanzania ikitoka Mahakama Kuu huingia Mahakama ya Rufani na kuishia hapo. Shikeni jambo hilo, maana majibu mengi yanayofuata yanatoka humo. Ukiacha kesi za urais, Mahakama ya Juu ya Kenya inapokea mtu ambaye ameshasikilizwa kwenye rufaa angalau mara moja, hivyo inaweza kuchagua. Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina anasa hiyo. Kwa aliyehukumiwa na Mahakama Kuu kwa kosa la kuua, au aliyeshindwa huko kwenye kesi ya biashara, rufani hiyo ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho.

Hata kukaa kwao ni tofauti. Kenya ina majaji 7 tu katika Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Jaji Mkuu, na kesi haisikilizwi wakipungua 5. Tanzania wapo wengi zaidi, hukaa kwa majopo ya watatu watatu, na hufanya vikao kwenye kanda mbalimbali, Zanzibar ikiwamo. Ukipewa hukumu ya Tanzania, hesabu majaji kwanza. Wakiwa watatu, ni jopo la kawaida. Wakiwa watano au saba, ujue kulikuwa na hoja nzito, au maamuzi ya nyuma yalikuwa yanapingana na ilibidi jopo kamili liamue lipi lifuatwe.

Kwa nini Wakenya wanaweza kupinga matokeo ya urais mahakamani na sisi hatuwezi? Na je, wanafanyaje? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu katiba mbili zimesema mambo mawili yaliyo kinyume kabisa. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Si Mahakama Kuu, si ya Rufani. Ibara hiyo ilikuwa bado ipo wakati wa uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025.

Ubunge ni habari nyingine, na hapa wasomaji wengi huchanganya. Kesi ya ubunge huanzia Mahakama Kuu na inaweza kufika Mahakama ya Rufani. Godbless Lema alivuliwa ubunge wa Arusha Mjini na Mahakama Kuu Aprili 2012, na Mahakama ya Rufani ikamrudishia Desemba mwaka huohuo. Hoja iliyombeba ilikuwa kwamba wapiga kura waliofungua kesi hawakuonyesha haki yao wenyewe ilivyoguswa.

Kenya, Ibara ya 140 inafungua mlango na kuuwekea saa. Tume ikishatangaza, mlalamishi ana siku 7 za kuwasilisha kesi, moja kwa moja Mahakama ya Juu. Mahakama za chini hazihusiki. Kanuni zinamtaka aweke dhamana ya gharama ya shilingi milioni 1 za Kenya. Tangu siku kesi inapowasilishwa, majaji wana siku 14 za kusikiliza na kuamua, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa. Wakibatilisha, uchaguzi mwingine lazima ufanyike ndani ya siku 60.

Mlango huo umetumika kila uchaguzi tangu 2013. Mwaka huo kesi ya Raila Odinga ilitupwa kwa sauti moja, na somo lake la kiutendaji ni la kukumbukwa: hati ya kiapo ya kurasa zaidi ya 800 iliyoletwa nje ya muda ilikataliwa, haikusomwa. Kwenye kesi ya siku 14 ushahidi wote huenda na karatasi ya kwanza. Tarehe 1 Septemba 2017 majaji 4 dhidi ya 2 walifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Hawakusema nani alipata kura ngapi. Walisema namna matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa haikufuata Katiba na sheria, na Tume ilipoamriwa kufungua seva zake zikaguliwe, haikutii ipasavyo. Uchaguzi wa marudio ukafanyika 26 Oktoba. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote 7 waliuthibitisha ushindi wa William Ruto.

Kwa maoni yetu hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya mahakama hizi. Lakini msiuone mlango wa Kenya kuwa mpana mno. Mwaka 2017 vituo vya kura vilikuwa 40,883, na mwaka 2022 vilikuwa 46,229. Siku 14 hazitoshi kuzipitia fomu za vituo hivyo vyote kwa makini, na ndiyo maana kesi hizi hupiganiwa kwenye mfumo, teknolojia na sampuli, badala ya kuhesabu upya kura moja moja.

Nina kesi ya shamba. Nimeshindwa Mahakama Kuu. Jirani yangu wa upande wa Kenya ana kesi kama yangu. Kati yetu nani ana nafasi zaidi ya kufika juu? (Msomaji, Tarime)

Wewe, tena kwa mbali. Watu hushangaa, maana mahakama ya Kenya ndiyo inayotajwa sana kwenye vyombo vya habari.

Kwako Tanzania, zamani ulihitaji kibali cha kukata rufani katika kesi nyingi za madai, na watu wengi walikwama hapo. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika 1 Desemba 2023 yameliondoa sharti hilo. Kilichobaki ni kesi zilizoanzia Mahakama ya Mwanzo, kama mirathi nyingi: hizo bado zinahitaji Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa. Hoja za ukweli wa mambo, nani alilima wapi na lini, hazipandi kwa njia hiyo.

Ukishajua huhitaji kibali, kazi yako ni kuhesabu siku. Ndani ya siku 30 tangu hukumu, wasilisha notisi ya rufani. Ndani ya siku 14 baada ya kuiwasilisha, mpe nakala mpinzani wako. Katika siku 30 zilezile za mwanzo, mwandikie Msajili barua ya kuomba nakala za mwenendo, hukumu na tuzo (amri inayotokana na hukumu), na barua hiyo nayo umpe mpinzani nakala yake, asaini kwamba ameipokea. Kisha una siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa kuleta rufani yenyewe: sababu za rufani, kumbukumbu zote za kesi, na dhamana ya gharama.

Nakala za mwenendo mara nyingi huchelewa kuliko siku 60. Hapo ndipo Msajili hutoa hati inayoonyesha siku zilizotumika kuziandaa, na siku hizo hazihesabiwi juu yako. Lakini hati hiyo inakulinda tu kama uliandika barua ndani ya siku 30 na mpinzani alipewa nakala. Usipompa, siku zote zinarudi kichwani mwako. Na hati ikifika, isome pale pale dirishani kabla hujaondoka: tarehe ya barua yako, tarehe uliyojulishwa kwamba nakala ziko tayari, namba ya kesi, majina ya wahusika. Tarehe moja ikikosewa, hati inaweza kukataliwa na rufani ikaonekana imeletwa nje ya muda. Kosa huwa la ofisi, lakini anayeumia ni mrufani.

Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka Mahakama ya Rufani iangalie haki kabla ya ufundi. Karatasi ikisahaulika kwenye kumbukumbu, siku hizi unaweza kuruhusiwa kuiongeza, wakati zamani rufani nzima ingetupwa. Msaada huo una mipaka: hauokoi rufani iliyochelewa bila kuombewa nyongeza ya muda, wala isiyo na notisi.

Sasa jirani yako. Kesi yake ya ardhi itakuwa imeanzia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikaenda Mahakama ya Rufaa. Kutoka hapo kufika Mahakama ya Juu ana njia mbili tu. Ya kwanza ni ya haki moja kwa moja, kama kesi inahusu kufasiri au kutumia Katiba. Ya pili ni kuthibitishiwa kwamba ina jambo la umuhimu mkuu kwa umma. Uthibitisho huo huombwa kwanza Mahakama ya Rufaa, na ikikataa, Mahakama ya Juu inaweza kuupitia uamuzi huo. Ilani ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 30 tangu ilani, au tangu uthibitisho utolewe.

Wengi huanguka kwenye njia ya kwanza kwa kuitupia Katiba kwenye rufaa dakika za mwisho. Mahakama ya Juu ilishasema tangu mwaka 2012 kwamba swali la Katiba lazima liwe lilijadiliwa na kuamuliwa huko chini. Kutaja ibara kwenye karatasi hakutoshi. Kwenye njia ya pili, uamuzi wa mwaka 2013 uliweka kipimo: jambo lazima livuke maslahi ya wanaogombana na kugusa watu wengine. Kulalamika kwamba majaji wa chini walikosea ushahidi wako, hata kama ni kweli, si tiketi.

Kesi za ardhi zinazopenya ni kama ile ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, iliyoamuliwa 21 Aprili 2023. Kampuni iliyonunua ilisema ina hati na ilinunua kwa nia njema. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi ikiwa chimbuko lake lilikuwa ugawaji wa ardhi ya umma usiofuata sheria. Mnunuzi lazima afuatilie hati mpaka mzizi wake. Uamuzi huo unamgusa kila anayenunua kiwanja Kenya leo, na ndicho Mahakama inachokitafuta.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Ni kweli majaji wa Kenya ni jasiri na wa Tanzania ni waoga? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili tunaliona kila mwaka na jibu letu halijabadilika: soma kwanza maandishi waliyopewa.

Chukua suala la mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mara mbili. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, majaji 7, ikatengua: ikasema mahakama haina uwezo wa kuifuta ibara ya Katiba yenyewe, suala hilo ni la Bunge. Unaweza kutoipenda hukumu hiyo, nasi tunaiona ilijifunga mikono kupita kiasi. Lakini angalia Nairobi 31 Machi 2022, kesi ya BBI, mpango wa kuirekebisha Katiba ya Kenya. Mahakama Kuu na ya Rufaa zilikuwa zimesema Katiba ya Kenya ina msingi ambao Bunge haliwezi kuugusa kwa njia ya kawaida ya marekebisho. Mahakama ya Juu, inayosifiwa kwa ujasiri, ilikataa nadharia hiyo. Mswada ulikwama kwa sababu nyingine, kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi.

Na Tanzania, Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilimtupia Mwanasheria Mkuu rufani yake dhidi ya Rebeca Gyumi. Vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama, vilibaki kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikatengua hukumu ya Mahakama Kuu iliyokuwa imefuta orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Kwa hiyo haina rangi moja.

Tofauti iliyo wazi zaidi ni nani anaruhusiwa kugonga mlango. Kenya, Ibara za 22 na 258 zinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa maslahi ya umma. Tanzania, marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya kutekeleza haki za msingi yanamtaka mlalamikaji aonyeshe yeye binafsi alivyoathirika. Kesi isipoingia Mahakama Kuu, majaji wa Rufani hawana cha kuamua, wawe jasiri au la. Ukiandika tasnifu, anzia hapo.

Kaka yangu alihukumiwa kunyongwa. Nimesikia Kenya hukumu hiyo ilifutwa. Je, hoja hiyo inaweza kumsaidia Tanzania? (Msomaji, Shinyanga)

Pole sana, ndugu yetu. Kwanza turekebishe ulichosikia. Tarehe 14 Desemba 2017, kwenye kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya haikufuta adhabu ya kifo. Ilifuta ulazima wake. Kabla ya hapo jaji akishamtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia alikuwa na adhabu moja tu mkononi. Sasa lazima asikilize utetezi wa kupunguziwa adhabu, kisha achague.

Baadaye ilitokea vurugu. Wafungwa wa makosa mengine, hasa wizi wa kutumia nguvu, nao walianza kuomba kupangiwa adhabu upya, na mahakama za chini zikawapa wengine. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake, na mwaka 2024 ikakataa pia kuondoa vifungo vya chini vya lazima kwenye makosa ya kingono.

Tanzania njia ilipinda mapema. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilitamka adhabu ya kifo kuwa kinyume cha Katiba. Januari 1995, kwenye kesi ya Mbushuu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikasema inaokolewa na Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuweka mipaka kwenye haki kwa maslahi ya umma. Nusu ya hoja mfungwa alishinda, na kamba ikabaki. Hukumu ya Kenya inaweza kusomwa na majaji wa Tanzania kama hoja ya kushawishi, lakini haiwafungi.

Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema ulazima wa adhabu hiyo nchini Tanzania unavunja haki ya kuishi, na ikaagiza uondolewe kwenye sheria. Huo ni wajibu wa serikali. Haumtoi mfungwa gerezani wenyewe.

Kwa kaka yako, mambo ya kuangalia sasa ni haya: je, notisi ya rufani iliwasilishwa ndani ya siku 30? Kama haikuwasilishwa, aombe nyongeza ya muda na aeleze sababu ya kila siku iliyopita. Na rufani yenyewe iubebe ushahidi wote, kama alitambuliwa usiku kwa mwanga gani, kama maelezo ya kukiri yalichukuliwa kwa kufuata sheria. Rufani nyingi za mauaji hushinda au kushindwa kwenye mambo hayo ya ushahidi, mbali na mjadala wa Katiba. Nchi zote mbili hazijanyonga mtu kwa muda mrefu, Kenya tangu 1987 na Tanzania tangu 1994, lakini msitegemee hilo badala ya rufani.

Assalaam alaykum. Niko Muscat. Marehemu baba ameacha nyumba Mombasa na nyumba Unguja. Tukigombana, kesi zitaishia wapi? (Msomaji, Oman)

Waalaykum salaam. Zitakuwa kesi mbili, kila nyumba na sheria ya ilipo, na zitaishia pahala tofauti.

Ya Mombasa, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka kama pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda kwake. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufaa, na ikiwa kuna swali la Katiba inaweza kufika Mahakama ya Juu. Hilo limetokea. Juni 2025, katika mirathi iliyotoka Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema watoto waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kunyimwa urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo peke yake, kwani nafuu ambayo Katiba imeiwekea sheria ya Kiislamu ina mipaka. Uamuzi huo umezusha ubishi mkubwa pwani, na mawakili wa mirathi wanauzingatia tangu siku ya kwanza ya kesi.

Ya Unguja, ikianzia kwa Kadhi, haitafika kwa majaji wa Rufani kabisa. Rufani kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania kwa mambo mengi, isipokuwa mashauri yaliyoanzia kwa Kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Hayo yanaishia Zanzibar. Kwa hiyo usihifadhi hoja zako nzuri kwa ajili ya baadaye, baadaye hakuna.

Nani huwachagua majaji hawa, na wanakaa muda gani? (Msomaji, Nakuru)

Kwenu Kenya, Tume ya Huduma za Mahakama ina watu 11, na baadhi yao huchaguliwa na majaji, mahakimu na mawakili wenyewe. Inatangaza nafasi na kuwahoji waombaji hadharani, mkitazama kwenye televisheni. Rais huteua aliyependekezwa. Jaji Mkuu na Naibu wake lazima pia waidhinishwe na Bunge la Kitaifa. Kustaafu ni miaka 70, na Jaji Mkuu hashiki cheo hicho zaidi ya miaka 10. Martha Koome, aliyeanza Mei 2021, atafikisha miaka 70 mwaka 2030, kabla ya miaka 10 kutimia.

Tanzania, Rais humteua Jaji Mkuu mwenyewe, na majaji wengine wa Rufani baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Hakuna usaili wa hadharani wala kura ya Bunge. Kustaafu ni miaka 65, lakini Rais anaweza kumwongezea jaji muda kwa maslahi ya umma, jaji mwenyewe akikubali. Sisi tunaona nyongeza hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko uteuzi wenyewe: jaji anayesubiri kuongezewa hapaswi kuwa anasikiliza kesi za anayemwongezea.

Lakini karatasi nzuri nayo haijitekelezi. Mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34 waliopendekezwa kwa mahakama za chini ya ile ya Juu, akawaacha 6, ingawa Katiba haikumpa nafasi ya kuchagua. Waliteuliwa na Rais Ruto Septemba 2022.

Hukumu hizi naweza kuzisoma wapi, na kwa Kiswahili? (Msomaji, Kigoma)

Za Tanzania ziko TanzLII na za Kenya ziko Kenya Law, zote bure mtandaoni. Sheria ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, lakini hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani bado ni za Kiingereza. Za Mahakama ya Juu ya Kenya ni za Kiingereza pia.

Nimeshindwa kila mahali mpaka juu. Je, kuna pa kwenda tena? (Msomaji, Tanga)

Ndani ya nchi, unaweza kuomba mahakama hiyohiyo iipitie upya hukumu yake, lakini si kwa kusema "majaji walikosea." Tanzania ombi huletwa ndani ya siku 60 tangu hukumu, na sababu zimetajwa kwenye kanuni: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa udanganyifu au ushahidi wa uongo. Kosa la wazi ni lile linaloonekana bila mabishano marefu. Ukihitaji kurasa kumi kulieleza, si la wazi. Kenya, Mahakama ya Juu nayo imejiwekea mlango mwembamba kama huo: udanganyifu, hukumu batili, kuaminishwa kimakosa kwamba pande zilikubaliana, au kutumika kwa sheria iliyokwisha kufutwa.

Nje ya nchi wengi hufikiria Arusha, na huko kuna mahakama mbili. Hakuna hata moja iliyo ya rufani. Zinaangalia kama serikali imevunja mkataba. Mahakama ya Afrika ilikuwa ikipokea kesi za watu binafsi kutoka Tanzania, nayo ndiyo iliyosema Julai 2020 kwamba Ibara ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu njia hiyo, na kuondoka huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Kenya haijawahi kutoa tamko hilo. Kwa hiyo kesi mpya ya mtu binafsi haipiti hapo kutoka nchi yoyote kati ya hizi mbili.

Imebaki Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuifikia mwenyewe. Muda wake ni miezi miwili tangu kitendo unacholalamikia kitokee au ulipokijua, na mahakama hiyo haiongezi. Ukitumia siku zako zote 60 kuandaa ombi la kupitia upya hukumu nyumbani, miezi hiyo miwili itakuwa imekwisha, kwa hiyo muulize wakili kuhusu yote mawili wiki ileile uliyosomewa hukumu.